Nishani ya Mmoja, Ushujaa wa Wanne



Tarehe 19 Mei hupita kila mwaka katika nchi zetu bila gwaride na bila hotuba. Si sikukuu ya taifa lolote kati ya mataifa yetu, wala haimo katika zile tarehe ambazo watoto wa shule huzikariri. Hata hivyo, siku hiyo, mwaka 1941, ng'ambo ya mto mmoja wa kusini mwa Ethiopia, watu wanne walivifuata vifaru vya adui kwa miguu yao, katika uwanja uliokuwa ukifagiliwa na risasi. Mmoja wao alikuwa sajini wa Kizungu, mzaliwa wa Kenya. Wa pili alikuwa sajini meja wa Kiafrika. Wawili waliobaki walikuwa askari wenzao. Yule wa kwanza alipewa, baada ya kufa kwake, nishani iliyo kubwa kuliko zote katika jeshi la Uingereza. Wale watatu, katika maelezo rasmi ya nishani hiyohiyo, hawakutajwa kwa majina.

Katika mazungumzo haya hatukusudii kumpunguzia marehemu haki yake. Mtu aliyekufa akiwa na umri wa miaka 28, huku akiwapigania wenziwe, hana la kulaumiwa kwa nishani ambayo yeye mwenyewe hakupata hata kuiona. Tunalokusudia ni kuitazama habari hiyo yote, tangu chanzo chake hadi matokeo yake, kisha tuulize: Je, deni la yale majina matatu ni la nani?

Sajini huyo aliitwa Nigel Gray Leakey. Alizaliwa tarehe 1 Januari 1913 huko Kiganjo, karibu na Nyeri, mahali ambapo Mlima Kenya huonekana asubuhi kabla ya mawingu kuufunika. Ukoo wa Leakey wasikilizaji wengi wanaujua kwa jambo jingine. Louis Leakey, yule mtaalamu ambaye pamoja na mkewe Mary alifukua mabaki ya binadamu wa kale huko Olduvai, alikuwa wa ukoo huohuo. Nigel alikuwa na ndugu yake, Rea, ambaye naye alishika njia ya jeshi, akawa ofisa wa vikosi vya vifaru na hatimaye akapanda hadi cheo cha meja jenerali. Kwa hiyo ndugu mmoja alifanya kazi yake ndani ya vifaru, na mwingine akafa akipigana navyo kwa bastola.

Nchi aliyozaliwa Nigel ilikuwa wakati huo imegawanywa kwa rangi. Nyanda za juu zenye rutuba zilitengewa walowezi, na wengi wa wenyeji waliokuwa wakizilima tangu kale wakageuzwa kuwa vibarua na maskwota. Mpango huo haukutungwa na mtoto aliyezaliwa mwaka 1913, lakini ndani ya mpango huo ndimo alimokulia. Tusipoutaja, hatutaweza kuelewa kwa nini baadaye karatasi ya nishani iliandikwa jinsi ilivyoandikwa.

Sasa yafaa tukumbuke vita vyenyewe vilianzaje katika sehemu zetu. Mwezi Oktoba mwaka 1935 majeshi ya Mussolini yaliivamia Ethiopia. Yalitumia ndege, yalitumia mizinga, tena yalitumia hewa ya sumu dhidi ya watu ambao wengi wao walikuwa na bunduki kuukuu na mikuki. Mwezi Mei mwaka uliofuata Mfalme Haile Selassie alilazimika kuihama nchi yake. Alikwenda mbele ya Shirika la Mataifa huko Geneva kudai haki, na haki hiyo hakupewa. Kwa miaka mitano wazalendo wa Ethiopia waliendelea kupigana milimani, peke yao, wakati mataifa makubwa yalipokuwa yakitazama upande mwingine. Tunalitaja jambo hili mapema ili asije mtu akadhani kwamba ukombozi wa Ethiopia ulianza siku wageni walipofika. Wenye nchi walikuwa wamekwisha kuuanza.

Italia ilijiunga na vita dhidi ya Uingereza tarehe 10 Juni 1940. Kwa siku moja mpaka wa Kenya ukawa uwanja wa vita. Hapo ndipo jeshi la King's African Rifles, ambalo wazee wetu waliliita Keya, lilipoitwa kufanya kazi kubwa. Jeshi hilo liliundwa mwaka 1902 kwa ajili ya kulinda utawala wa kikoloni. Lakini vita vya pili vya dunia vililipanua kupita kiasi chake cha zamani. Inakadiriwa kwamba watu wapatao 98,000 kutoka Kenya, 87,000 kutoka Tanganyika na 77,000 kutoka Uganda walitumika katika vikosi mbalimbali wakati wa vita hivyo. Baadhi yao walijiandikisha kwa hiari, wakifuata mshahara, sare na kuona dunia. Wengine waliletwa na machifu waliokuwa wameamriwa kutoa idadi fulani ya vijana.

Katika Keya, kila nchi ilikuwa na vikosi vyake. Kikosi cha sita kilikuwa cha Tanganyika. Vita vilipopamba moto na vikosi vikazidishwa, kile cha awali kikaitwa kikosi cha kwanza cha sita. Humo ndimo Sajini Leakey alimotumika. Kiswahili kilikuwa ndiyo lugha ya kazi kati ya maofisa wa Kizungu na askari wao: kwa Kiswahili waliamriana, waliulizana habari za njia, walipeana maji.

Lugha ilikuwa moja, lakini ngazi zilikuwa mbili. Mwafrika aliweza kupanda kutoka kuruti hadi koplo, kutoka koplo hadi sajini, na kutoka sajini hadi sajini meja. Hapo ngazi yake ilikatika. Kamisheni ya uofisa hakuweza kuipata katika Keya ya wakati huo, hata angetumika miaka ishirini. Zaidi ya hayo, sajini wa Kizungu, ambaye kwa hesabu ya vyeo yu chini ya sajini meja, alihesabiwa kuwa juu ya sajini meja wa Kiafrika. Rangi ilikuwa ni cheo kisichoshonwa begani. Msikilizaji ayaweke hayo moyoni, maana tutayarejea.

Mwanzoni mwa mwaka 1941 majeshi yaliyokusanyika Kenya yalianza kusonga mbele. Yaliuvuka mto Juba, yakaingia Mogadishu tarehe 25 Februari, yakapanda kwenye milima ya Harar, na tarehe 6 Aprili yakaingia Addis Ababa. Tarehe 5 Mei, miaka mitano kamili tangu Waitaliano walipouteka mji huo, Haile Selassie alirejea katika makao yake makuu. Hata hivyo, vita havikuisha. Huko kaskazini gavana mkuu wa Italia, Duke wa Aosta, alikuwa bado amejichimbia katika milima ya Amba Alagi. Na huko kusini, katika nchi ya maziwa, kulikuwa na majeshi mengine ya Italia yenye mizinga na vifaru. Ilikuwa ni majira ya mvua. Barabara ziligeuka tope, magari yalizama, na askari wa miguu akawa tena ndiye chombo cha kutegemewa.

Ndivyo kikosi cha Tanganyika kilivyofika Colito, kando ya mto Bilate, ule umwagao maji yake katika ziwa Abaya. Mahali hapo leo huitwa Alaba Kulito. Waitaliano walikuwa wameushikilia ng'ambo ya mto. Kombania mbili za Keya ziliuvuka mto huo chini ya moto mkali, zikapata kipande cha ardhi upande wa pili. Kilikuwa kipande kidogo, nyuma yake mto, mbele yake adui. Askari aliyekaa hapo alijua kwamba akirudishwa nyuma hatarudi katika nchi kavu, atarudi majini.

Kazi ya Sajini Leakey siku hiyo ilikuwa kuzisaidia kombania hizo kwa mizinga midogo ya kurushia mabomu, ile ya mota ya inchi 3. Alipiga mpaka mabomu yakamwishia. Mtu wa kawaida angeweza kusema kwamba kazi aliyotumwa imekwisha, akakaa mahali pake akisubiri mabomu mengine yaletwe. Yeye alikwenda mbele kuona ni msaada gani mwingine anaoweza kuutoa.

Ghafla vifaru vya Italia vikatokea vichakani. Vingine vilikuja kutoka upande wa ngome za adui, na kimoja kilizunguka kikawajia askari kwa nyuma. Leakey alikirukia hicho cha nyuma. Akapanda juu yake, akaung'oa mfuniko wa mnara wake, akaingiza bastola akampiga risasi kamanda na wenziwe, isipokuwa dereva. Dereva akamlazimisha akiendeshe kifaru hicho hadi mahali penye kinga. Kisha akajaribu kuutumia mzinga wa kifaru hicho dhidi ya vingine. Mzinga ukakataa. Hapo akashuka, akapaza sauti kwamba atavifuata kwa miguu, akaukata uwanja huku risasi na makombora vikipita.

Na sasa, ndugu wasikilizaji, tunafika mahali penye kiini cha mazungumzo yetu. Hakwenda peke yake. Maelezo rasmi yanasema kwamba alikwenda pamoja na sajini meja wa Kiafrika wa kombania na askari wengine wawili, wakaanza kuvinyemelea vifaru. Viwili vya kwanza viliwapita. Cha tatu Leakey akakidandia, akakifungua, akamwua mmoja wa waliokuwamo. Kifaru cha nne kikamfyatulia rashasha, kikamwangusha. Huo ndio uliokuwa mwisho wa maisha yake.

Shambulio la vifaru lilivunjika. Kipande kile cha ardhi ng'ambo ya mto hakikupotea. Siku tatu baadaye, tarehe 22 Mei, mji wa Soddu ukatekwa. Siku zilezile za mapigano ya Colito, huko kaskazini Duke wa Aosta alikuwa akijisalimisha. Mwezi Julai, magharibi ya Ethiopia, Jenerali Gazzera naye akajisalimisha huko Saio mbele ya majeshi yaliyotoka Kongo, ambayo yalikuwa yamesafiri kupitia Sudan. Mwezi Novemba ngome ya mwisho, Gondar, ikaanguka. Dola ya Mussolini katika Afrika Mashariki ikafutika, na waliotembea kwa miguu kuifuta walikuwa kwa sehemu kubwa Waafrika.

Nishani ya Sajini Leakey, Msalaba wa Viktoria, ilitangazwa katika gazeti rasmi la serikali huko London tarehe 15 Novemba 1945, miaka minne na miezi sita baada ya kufa kwake. Ndiye mtu pekee wa Keya aliyepewa nishani hiyo katika vita vya pili vya dunia. Kaburi lake halijulikani. Jina lake limo katika ukumbusho wa Afrika Mashariki nchini Kenya, pamoja na majina ya askari wengine waliopotea katika vita hivyo.

Sasa tuwatazame wale watatu. Silaha ya askari wa miguu wa siku zile ilikuwa bunduki. Risasi ya bunduki ya kawaida haipenyi chuma cha kifaru. Mtu akikiendea kifaru kwa bunduki ana tumaini moja tu: akikaribie mno hata aweze kukipanda. Sajini meja yule alilijua hilo, maana hakuna anayefika cheo hicho pasipo kujua kazi yake. Wale askari wawili walilijua. Tena walikuwa wamekwisha kuona jinsi risasi za vifaru hivyo zilivyokuwa zikiwaangusha wenzao. Walikwenda.

Karatasi imehifadhi maneno ambayo sajini aliyasema aliposhuka. Haikuhifadhi neno hata moja la wale watatu. Haituambii kama walirudi, kama waliumia, wala kama mmoja wao alijaribu kumburuta sajini kutoka pale alipoanguka. Haituambii walitoka Songea au Tabora, Iringa au Musoma. Imetupa idadi yao na cheo cha mmoja wao, basi.

Mtu anaweza kutujibu kwamba karatasi ya nishani huandikwa kwa ajili ya mtu mmoja, na kwamba hata Wazungu waliokuwapo hapo hawakutajwa. Jibu hilo lina sehemu ya ukweli. Nishani ya ushujaa kwa tabia yake hutenga mmoja na kuwaacha wengi. Lakini tuisome karatasi hiyo hadi mwisho wake. Inasema kwamba ushujaa wa sajini uliwatia askari moyo, wakaendelea kupigana. Kwa maneno mengine, karatasi yenyewe inakiri kwamba kitendo cha mtu mmoja kilipata maana kwa sababu kulikuwa na wengine walioshikilia mahali pao. Kama askari wale wa Tanganyika wangerudi mtoni, kifaru kimoja kilichotekwa kisingeiokoa siku hiyo. Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa.

Tena kuna jambo lisilofichika. Hakuna askari mweusi hata mmoja wa Afrika Mashariki aliyepewa Msalaba wa Viktoria katika vita hivyo. Walipewa nishani nyingine za ushujaa, na baadhi yao walizipata kwa matendo makubwa huko Ethiopia, Madagaska na Burma. Lakini ile ya juu kabisa haikuwafikia. Hatuna haja ya kumtafuta mtu mmoja mwovu aliyeamua hivyo. Utaratibu wenyewe ulitosha. Habari za uwanja wa vita ziliandikwa na maofisa, na maofisa wote walikuwa wa rangi moja. Ofisa alipomwona Mzungu mwenzake akifa, alimwona mtu mwenye jina, baba na shule aliyosoma. Alipomwona askari, mara nyingi aliona cheo.

Lipo jambo jingine dogo ambalo lafaa kujulikana. Msalaba wa Viktoria huchongwa nyuma yake jina la aliyepewa. Lakini nyota na medali za kawaida za vita vile, ambazo Uingereza iliwagawia mamilioni ya askari wake, weupe kwa weusi, zilitolewa bila jina. Nyota ya Afrika iliyomo katika sanduku la mzee fulani huko kijijini haina alama yoyote ya kuonyesha ilikuwa ya nani. Huko Uingereza upungufu huo hauna madhara makubwa, maana jina la askari limo katika kanisa la kijiji, katika ukuta wa shule na katika vitabu vya kikosi chake. Kwetu sisi, mzee akifa na mjane wake akifa, nyota hiyo hugeuka kipande cha chuma. Mtoto huichezea, fundi huiyeyusha, mpita njia huinunua.

Kuhusu majina, habari za vita vya kwanza vya dunia ni nzito zaidi. Mwezi Aprili mwaka 2021, tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita ilitoa taarifa ikikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, waliokufa katika vita vile hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Wengi wao walikuwa watu wa Afrika Mashariki na Misri. Wapagazi waliokufa kwa njaa na kuhara katika misitu ya Tanganyika wamo katika hesabu hiyo. Tume iliomba radhi, na ni vema ilivyofanya hivyo. Lakini radhi iliyochelewa miaka mia moja haiwezi kumrejeshea marehemu jina lake, ikiwa hakuna aliyebaki wa kulitamka.

Turejee katika vita vya pili. Baada ya mwaka 1945 askari walirudi makwao. Walilipwa bakshishi zao kwa viwango vilivyotofautiana kwa rangi. Walikuwa wamewaona Wazungu wakiogopa, wakilia na kufa, na hivyo haikuwa rahisi tena kuwashawishi kwamba Mzungu ni mtu wa namna nyingine. Katika Kenya ardhi ilikuwa bado haijarudi kwa wenyewe. Waruhiu Itote, aliyepigana Burma akiwa askari wa Keya, aliingia msituni akajulikana kwa jina la Jenerali China. Na katika vita hivyo vya Mau Mau, mwezi Oktoba 1954, Gray Leakey, baba mzazi wa sajini yule shujaa, alichukuliwa nyumbani kwake katika sehemu za Nyeri akauawa. Mtoto alikufa akipigana na wavamizi wa nchi ya Waafrika, na baba akafa mikononi mwa Waafrika waliodai nchi yao. Hatutaji jambo hili kwa furaha. Kifo cha mzee yule kilikuwa cha kuhuzunisha. Tunalitaja kwa kuwa linaonyesha jinsi udhalimu ulioachwa bila kurekebishwa unavyowafikia hata wale ambao si wao waliouanzisha.

Jina la Colito nalo lilikuwa na safari yake. Kikosi cha Tanganyika kilipewa kambi nje kidogo ya Dar es Salaam, kwenye barabara ya Bagamoyo, na kambi hiyo ikaitwa Colito kwa kuyakumbuka mapigano yale. Uhuru ulipopatikana mwezi Desemba 1961, kikosi kikabadili jina, lakini maofisa wengi waliendelea kuwa Waingereza. Usiku wa kuamkia tarehe 20 Januari 1964 askari wa Colito waliasi. Madai yao yalikuwa mawili: mshahara, na maofisa Waafrika. Siku tatu baadaye askari wa Jinja nchini Uganda wakafanya vivyo hivyo, na siku iliyofuata wale wa Lanet nchini Kenya. Tarehe 25 makomando wa Uingereza walishuka kwa helikopta katika kambi ya Colito kuyazima maasi hayo, kwa maombi ya serikali yenyewe, jambo lililokuwa zito kwa taifa changa.

Maasi hayawezi kusifiwa. Askari anayeielekezea bunduki serikali ya wananchi amevunja kiapo chake, na nchi nyingi za Afrika zimelipa gharama kubwa kwa sababu ya mwenendo huo. Hata hivyo, manung'uniko ya mwaka 1964 hayakuzaliwa usiku mmoja. Ngazi ile iliyokatikia kwenye cheo cha sajini meja ilikuwa ingali imekatika, tena ndani ya kambi iliyobeba jina la mahali ambapo sajini meja mmoja alivifuata vifaru kwa miguu. Tanganyika ililivunja jeshi lile la urithi, na tarehe 1 Septemba 1964 likaundwa Jeshi la Wananchi. Kambi nayo ikapewa jina la Lugalo, mahali katika nchi ya Wahehe ambapo, tarehe 17 Agosti 1891, watu wa Mkwawa waliliangamiza jeshi la Wajerumani lililoongozwa na Zelewski.

Badiliko hilo lilikuwa la haki. Taifa huru lina wajibu wa kuyapa makambi yake majina ya mashujaa wake. Lakini tujihadhari, tusije tukalifuta jina la Colito tukawafuta na wale watatu. Mkoloni hakuwaandika kwa kuwa kwake walikuwa askari tu. Na sisi tukikataa kuwakumbuka kwa kuwa walivaa sare ya mkoloni, tutakuwa tumeikamilisha kazi yake. Walipigana chini ya bendera isiyokuwa yao, ni kweli. Lakini waliyepigana naye siku ile alikuwa ni ufashisti uliomwaga sumu juu ya vijiji vya Waafrika wenzao, na walipomshinda, nchi moja ya Afrika ilirudi mikononi mwa wenyewe. Hilo si jambo la kuonewa haya na mjukuu yeyote.

Kwa hiyo tunarudi kwenye swali letu la mwanzo. Deni la majina ni la nani? Sehemu yake ni ya waliokuwa watawala, ambao wana nyaraka za vikosi katika hifadhi zao, na ambao tunayo haki ya kuwadai wazifungue na kuzitoa nakala. Lakini sehemu kubwa ni yetu. Wazee wa Keya karibu wote wamekwisha kuondoka. Waliobaki ni watoto wao na wajukuu wao, walio na cheti cha kuachishwa jeshi kilichokunjwa mara nne chini ya sanduku, picha ya kijana aliyevaa kofia ya jeshi, na hadithi iliyosikiwa nusu jioni moja. Vitu hivyo ndivyo vitabu vyetu.

Mwenye cheti na akinakili: jina, namba, kikosi, wilaya, mwaka wa kuingia na mwaka wa kutoka. Mwenye medali na aifungie karatasi yenye jina la aliyeivaa. Mwalimu wa historia na awatume wanafunzi wake kwa wazee kabla ya kuwatuma kwenye vitabu. Idara za nyaraka za nchi zetu, Kenya kwa Tanzania, Uganda kwa Kongo, na zibadilishane orodha zao, maana askari wale hawakuijua mipaka yetu ya leo walipokuwa wakivuka mto mmoja. Asiyekuwapo na lake halipo, walisema wahenga. Lakini methali hiyo haikukusudiwa wafu, ambao hawawezi kuja kujisemea. Lao liko mikononi mwetu.

Sajini Leakey anastahili nishani yake. Na siku tutakapoyapata yale majina matatu, hatutahitaji kumpunguzia yeye lolote. Tutayaandika pembeni ya jina lake, kama wao wenyewe walivyokuwa pembeni yake siku ile.